Noti ya biro haiwezi kufuta sheria ya kazi

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, na ninyi jamaa mliokimbia Djugu na Irumu, mnaoishi Kigonze ao kwa ndugu zenu mjini, kuna karatasi inayobandikwa kwenye mlango wa depo. Wakubwa wa kazi wanaiita noti de serevisi. Ina kashe, ina sahihi, na imeandikwa katika Kifaransa ambacho wabeba mizigo wengi hawasomi. Maneno yake kwa ufupi: mtu wa kazi ya siku atabaki mtu wa kazi ya siku hata akimaliza mwaka, na anayeuliza kontra asirudi kesho.

Nasema wazi: karatasi hiyo haina nguvu.

Sheria ya kazi ya Kongo ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inasema kwamba mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, na akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Na pasipo maandishi, sheria inaichukua kontra kuwa ya namna hiyo hiyo, mpaka ushuhuda mwingine uletwe. Siku 22! Kwa baba anayebeba saruji kila siku isipokuwa Siku ya Mungu, zinatimia hata mwezi haujaisha.

Mwenye kazi atanijibu: «Hii ni depo yangu, naamuru ninavyotaka.» Kwa sehemu ana haki. Saa ya kufungua, nani ashike ufunguo, nani avae kofia ya kujikinga, hayo ni yake kuamuru, na mfanyakazi anayekataa bila sababu anajitafutia matata. Sijamwambia mtu apasue karatasi ukutani. Lakini kuna ngazi. Juu kuna Katiba, kisha sheria. Halafu mapatano ya sendika na wenye kazi, kontra, na kanuni za kampuni, ambazo wajumbe wa wafanyakazi wanapaswa kuulizwa juu yake. Noti iko chini kabisa. Hata katika kontra iliyosainiwa na pande mbili, neno linalompa mfanyakazi pungufu kuliko sheria ni bure. Kama sahihi mbili haziwezi, sahihi moja ya mkubwa itaweza namna gani?

Wengine wanasema vita imeua biashara. Ni kweli, barabara zetu tunazijua. Lakini sheria haimkatazi mtu kupunguza wafanyakazi. Inamdai sababu ya kweli, na kwa kontra isiyo na kikomo inamdai notisi: siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka mfanyakazi aliotumika. Hiyo ndiyo gharama wanayoikimbia kwa kubandika karatasi.

Na wanajua wambandikie nani. Mama aliyelala chini ya hema na watoto wanne hatabishana mlangoni. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 36, haikubali mtu adhulumiwe kazini kwa sababu ya asili yake, na sheria ya kazi haiulizi kama unalala nyumbani ao kambini.

Kwa hiyo shikeni daftari. Andikeni tarehe ya kila siku ya kazi, jina la kapita na pesa mliyopokea. Noti ikibandikwa, pigeni picha siku ile ile, kashe ionekane. Kama kuna mjumbe wa wafanyakazi, mwonyesheni kwanza. Akishindwa, malalamiko ya mtu mmoja yanapita kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha, kabla ya kufika kwenye tribunali. Na inspekta naye asingoje bironi: saa kumi na mbili asubuhi, watu wakihesabiwa mlangoni, karatasi iko pale pale, kila mtu anaiona.