Mwarobaini usikucheleweshe hospitali

Mimi ni muuguzi, na wanaonisikitisha zaidi wodini ni akina mama wanaofungua kitenge na kuonyesha titi lililokwisha kuwa kidonda kwa saratani. Ukimuuliza mmoja wao, alianza na mwarobaini wa mganga, akahamia kwa mganga wa pili, kisha binamu akaleta unga wa mlonge. Uvimbe ulipokuwa kama punje ya harage, nafasi ya kupona ilikuwa kubwa.

Sidharau miti. Vinkristini, dawa tunayowapa watoto wenye saratani ya damu, inatokana na ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za Pwani. Ila mmea huo una sumu. Kiwandani hutolewa kiini chake, daktari hukipima kwa miligramu kulingana na mwili wa mtoto, na hata hivyo kikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Sasa wewe unachemsha majani sufuriani, unapima kwa kikombe cha chai!

Mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti ya Babu, mchungaji mstaafu wa huko, kwa shilingi 500. Bei hiyo haikumuumiza mtu. Walioumia ni walioacha dawa zao za hospitali.

Tangawizi ikikutuliza kichefuchefu, kunywa, lakini mwambie daktari kila unachotumia, maana baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za saratani. Na dada uliyepapasa uvimbe jana, nenda ukapimwe wiki hii. Mganga anaweza kusubiri.