Kazi ya Nyumbani Humpima Nani?

Mzazi wa Kinoo, pembezoni mwa Nairobi, anayemtafutia mwanawe shule ya kibinafsi huulizia karo, huulizia gari la shule, kisha huuliza lile swali linaloamua: je, hapa watoto hupewa homuweki kila siku? Shule isiyowapa hudhaniwa ina walimu wavivu. Ile inayomrudisha mtoto wa Gredi ya 3 na kurasa nne za hesabu, insha, na picha za kukata na kubandika husifiwa kwamba inasukuma watoto. Siku chache zikipita bila daftari kufika nyumbani, mama hupiga simu: "Mwalimu, kwani siku hizi hamfunzi?"

Imani hiyo haina mashiko, angalau kwa watoto wa shule ya msingi.

Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, si adui wa homuweki. Ni mmoja wa watetezi wake wanaojulikana zaidi. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofanywa Marekani tangu 1987 hadi 2003. Kuanzia darasa la 7 kwenda juu, wanafunzi waliofanya kazi zaidi nyumbani walielekea kupata alama bora. Kwa wadogo zao uhusiano huo ulikaribia sufuri. Ufaransa haikungoja takwimu hizo: waraka wa serikali wa 1956 ulikataza kazi za kuandika nyumbani katika shule za msingi, ingawa wazazi na walimu wa huko nao wanajua kuukwepa.

Sasa itazamwe jioni yenyewe. Mzazi anatoka kazini mjini, anapanda matatu, anakwama Westlands, anakwama tena Kangemi. Ile barabara ya Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022 inaishia Westlands, kwa hiyo wa Kinoo wameachiwa foleni yao ya Waiyaki Way. Anapofika giza limeshaingia. Mtoto naye aliamshwa kabla ya mapambazuko ili asiachwe na gari la shule, na sasa anasinzia juu ya daftari huku chakula kikipoa. Ni nani hasa anayeimaliza kazi hiyo? Mara nyingi ni yaya, au kaka aliye sekondari, au simu ya mama. Asubuhi mwalimu mwenye rundo la madaftari anatia alama ya vema bila kusoma, wala si haki kumlaumu.

Kwa hiyo kinachopimwa ni nyumba. Watoto wawili wa darasa moja hurudi Kinoo ile ile. Mmoja anaingia kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye Wi-Fi na mwalimu wa tuisheni wa Jumamosi. Mwingine anaingia kwenye chumba kimoja ambamo meza ya kulia ndiyo ya kupigia pasi na ndiyo ya kuandikia. Ukurasa ni ule ule. Kesho yake wa kwanza anapigiwa makofi na wa pili anasimamishwa nyuma ya darasa. Shirika la OECD liliona jambo hili hili katika tathmini yake ya PISA ya 2012: vijana wa miaka 15 kutoka familia zenye uwezo walifanya homuweki takriban saa moja na nusu zaidi kwa wiki kuliko wenzao wa familia maskini.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutumika kote nchini Kenya 2019, uliahidi kumtoa mtoto kwenye kukariri ili ajifunze kwa kutenda. Lengo lilikuwa zuri. Njiani likageuka kazi ya mzazi na mwenye saiba, ambaye amechapisha picha za wanyama wa porini hadi wino ukamwishia. Ndipo watoto wakaagizwa kuunda sanamu la kutishia ndege, kazi iliyochekwa sana mitandaoni 2021: wazazi wakibeba mtu wa nyasi kuelekea shuleni. Mtu aliye ghorofa ya nne Kinoo, asiye na hata mche wa sukuma, aliunda sanamu la kulinda shamba asilokuwa nalo, kwa ajili ya alama tu. Septemba ya mwaka huo wakili Esther Ang'awa alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala huo.

Ajabu ni kwamba upande wa pili wa Nairobi, Kitengela, mvulana mmoja alikuwa amekwisha kuunda sanamu la namna hiyo, na hakuna mwalimu aliyemwagiza. Richard Turere alikuwa akichunga ng'ombe wa babake kando ya Mbuga ya Nairobi, na simba walikuwa wakiwamaliza. Alijaribu moto, haukufaa. Akaweka sanamu. Usiku wa kwanza simba waliliona wakarudi walikotoka. Usiku wa pili waligundua halitikisiki, wakaua. Usiku mwingine, akizunguka na tochi, aling'amua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Akiwa na miaka 11 aliunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akapata taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka boma. Umeme alikuwa amejifunza kwa kuifungua redio mpya ya mamake, jambo ambalo mama hakulifurahia hata kidogo. Mwaka 2013 aliyaeleza haya kwenye jukwaa la TED, California.

Sanamu lake lilishindwa, na kushindwa huko kukamfundisha. Lile la CBC lilipata alama zote na halikumfundisha mtoto lolote, maana hakuliunda yeye.

Mtetezi wa homuweki atasema Turere ni mtoto wa pekee. Pengine. Lakini Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, Stephen Wamukota wa Bungoma, mwenye miaka 9, alipewa nishani na Rais Uhuru Kenyatta kwa mtambo wa mbao wa kunawia mikono unaoendeshwa kwa mguu. Si kila mtoto atavumbua kitu, wala hahitajiki. Kinachohitajika ni saa mbili za jioni zisizo na mwenyewe ila mtoto: kufungua redio iliyokufa, kusoma kitabu alichokichagua, kuuliza kwa nini maji ya bomba hayapandi ghorofani mchana.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na kanuni za 2015 zinataka masomo ya darasani yaishe saa tisa na nusu. Homuweki imepita katikati ya sheria hizo bila kuguswa. Wenye shule za kibinafsi hawataipunguza wenyewe, kwa kuwa begi zito ndilo tangazo lao, na mwalimu mkuu atakayethubutu kwanza atahofia kupoteza wanafunzi kwa jirani aliye ng'ambo ya ua. Wazazi ndio wanunuzi. Katika mkutano ujao wa wazazi wanaweza kudai kwamba hadi Gredi ya 6 daftari la mawasiliano liwe na mstari mmoja tu: leo mtoto amesoma nini alichokitaka mwenyewe. Mwalimu atapata usiku wa kuandaa somo la kesho badala ya kutia vema kwenye kazi ya yaya.