Mgeni Hujulikana Wakati wa Baridi

Mwezi wa Julai ukiingia Nairobi, jua hujificha hata siku nzima, na manyunyu ya alfajiri huwafanya watu wa Upper Hill watembee mikono mifukoni. Mtu wa Mombasa akishuka garini wakati huo hutafuta sweta kabla ya kutafuta chakula. Usiku joto huweza kuteremka hadi nyuzi 10 hivi. Mgeni wa Ulaya akiambiwa habari hizo hucheka. Baridi gani hiyo, karibu na ikweta? Hucheka mpaka alale usiku wake wa kwanza katika nyumba ya mawe isiyo na moto.

Ndugu msomaji, watu wengi huipima familia ya kigeni inayoishi kwetu kwa siku za sherehe: wamekuja arusini, wamevaa kitenge, wamejaribu kucheza ngoma. Mimi nasema tuipime wakati wa baridi. Hapo ndipo tutakapojua kama ni majirani au ni wapita njia.

Kilima hiki cha Upper Hill kina habari zake. Reli ilipofika Nairobi mwezi wa Mei 1899, maofisa wa Kizungu walijengewa nyumba huku juu, magharibi ya stesheni. Vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika waliwekwa bondeni, katika safu za vyumba zilizoitwa landi. Jina la mtaa wa Landi Mawe ni ukumbusho wa siku hizo mpaka leo. Nyumba za kilimani zilikuwa na meko ya ukutani na dohani. Jioni baba, mama na watoto walikaa mbele ya moto kama kwamba wako kwao Uingereza. Kuni zililetwa na mtumishi, mtu mzima mwenye watoto wake lakini akiitwa “boi”. Alikwisha kuuwasha moto, akarudi katika chumba chake cha uani, kisicho na dohani.

Si ajabu basi kwamba Kiswahili walichojifunza wengi wao kilikuwa cha amri: lete, weka, washa, ondoa. Mnamo 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mtu asiyeota moto pamoja na mwenyeji atajifunzia wapi maneno ya “pole”, “karibu” na “umeamkaje”? Walikaa miaka na miaka, wakaondoka wakiwa wageni vile vile.

Hebu tutazame mbali kidogo. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, uko mita 1,300 hivi juu ya bahari, chini kuliko Nairobi yetu. Lakini Januari baridi ya huko hupita nyuzi 20 chini ya sufuri. Wamongolia wengi hukaa katika hema la mviringo lililofunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, na jiko liko katikati. Hakuna moto wa mkubwa na moto wa mdogo. Mgeni akiingia hupewa kwanza chai ya maziwa yenye chumvi. Shida yake itaulizwa baadaye. Familia ya kigeni ikienda kukaa huko, baridi yenyewe huifundisha kuuliza: moto huu huwashwaje, mtoto avishwe nguo ngapi? Na anayeuliza amekwisha kuwa jirani.

Hata hapa nimeliona jambo hilo. Katika miaka ya 1980 familia moja ya kigeni ilipanga nyumba ya zamani ya Upper Hill, ambayo dohani yake ilikuwa imeziba. Watoto walikohoa usiku kucha. Mama yao alikuwa amewaona wenyeji wakiota jiko la makaa, naye akanunua lake, akaliingiza chumbani na kufunga madirisha. Kwa bahati mke wa mtunza bustani alipita na kuona mwanga wa makaa. Akagonga mlango kwa nguvu: “Memsahib, toa jiko nje! Hilo huua watu usingizini!” Alisema kweli. Hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu, na hata leo huwaua wenyeji na wageni kila msimu wa baridi.

Tangu usiku ule mambo yalibadilika. Jioni jiko liliwekwa barazani, na watoto wa nyumba zote mbili wakalizunguka wakichoma mahindi. Yule bibi alijifunza kupika uji, akajifunza na kusema “pole”. Kabla ya Agosti kwisha, neno “memsahib” lilikuwa limekufa. Aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mama yeyote mwingine.

Leo nyumba nyingi za reli zimebomolewa, na mahali pake yamesimama majumba marefu ya ofisi. Wageni bado wapo, wengi wakipashwa joto na umeme, kila mmoja nyuma ya lango lake. Lakini lawama si yao peke yao. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumezoea kumpa kiti miaka kumi, kisha tukanung’unika kuwa hatujui.

Basi Julai ikifika, mgongee jirani yako mgeni. Mwonye juu ya jiko la makaa, umwonyeshe kibanda chenye uji wa moto, umwachie naye akubebee mfuko wa makaa. Hilo ndilo jembe lake.