Faida ya Picha Iliyoharibika

Vitabu vya fizikia vya shule za sekondari hufundisha kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na kwamba sura ya kitu ikipita katika tundu dogo huonekana kichwa chini, miguu juu. Wanafunzi huyakariri maneno hayo, huyaandika katika mtihani na kupewa alama zao. Lakini ni wangapi miongoni mwao waliowahi kuiona sura hiyo kwa macho yao, wakainasa na kuitunza? Kwa sababu hiyo kamera kubwa ya sanduku, ile ya kujifunika kitambaa cheusi, yastahili kufikiriwa upya na walimu wa sayansi.

Kamera ya aina hiyo haitumii filamu ya kuviringisha. Hutumia filamu iliyokatwa vipande, na kipande cha kawaida kina inchi 4 kwa 5. Kila kipande hubeba picha moja tu. Mpiga picha huitazama sura iliyopinduka juu ya kioo chenye ukungu, husogeza lenzi mpaka sura iwe dhahiri, kisha huweka filamu mahali pa kioo. Filamu nyingi za siku hizi huathiriwa na rangi zote za mwanga. Kwa hiyo hazina budi kupakiwa katika giza totoro, kwa kupapasa.

Mwanagenzi wa kazi hii hukosea mara nyingi, na hapo ndipo elimu ilipo. Mfano mmoja watosha. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 150 ikielekezwa mlimani, hukaa milimita 150 kutoka kwenye filamu. Ikielekezwa kwenye ua lililo karibu, ili picha ya ua ilingane na ua lenyewe kwa ukubwa, lenzi lazima isogezwe mbele mpaka milimita 300. Umbali umekuwa maradufu, na mwanga uleule sasa umetawanyika juu ya eneo kubwa mara 4. Mwanagenzi asiyejua jambo hilo huacha lenzi wazi kwa robo ya sekunde kama alivyofanya mlimani, na picha yake hutoka hafifu, karibu haina kitu. Akiketi na kujiuliza sababu, akarudia kwa sekunde 1 bila kubadili jambo jingine lolote, atakuwa ameithibitisha kanuni ya mwanga kwa mkono wake mwenyewe. Hataisahau.

Historia nayo yatoa ushahidi. Mwezi Oktoba 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa cha prizimu, asifanikiwe. Akawaza kuiacha sura ijichore yenyewe. Mwaka 1834, nyumbani kwake Lacock, alianza kupaka karatasi maji ya chumvi ya kawaida na nitrati ya fedha, ili ipatikane kloridi ya fedha ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Sanduku lake kubwa lilimpa picha hafifu mno, kwa kuwa karatasi ile ilihitaji mwanga mwingi. Hakulitupa wazo lake. Alitengeneza visanduku vidogo vyenye lenzi za fokasi fupi, na Agosti 1835 akapata picha hasi ya dirisha la nyumba yake, ndogo kama stempu. Mwaka 1840 aligundua kwamba mwanga kidogo huacha alama isiyoonekana, ambayo dawa yaweza kuidhihirisha baadaye. Tangu hapo sanduku kubwa likawezekana. Ugunduzi huo ulitokana na miaka ya karatasi zilizoharibika.

Wako watakaosema kwamba simu ya mkononi hupiga picha bora kwa nukta moja. Ni kweli, na hakuna anayeshauri simu zitupwe. Lakini simu hupima mwanga, huchagua muda na kusahihisha makosa bila kumwambia mtumiaji lolote. Hufaa kwa mtu anayetaka picha. Anayetaka kujua sababu ya picha huachwa gizani.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi, kwani filamu na lenzi ni ghali na shule nyingi hazina uwezo. Hata hivyo, hatua ya kwanza haihitaji vitu hivyo. Sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye kina cha milimita 150 na tundu la sindano la nusu milimita, pamoja na karatasi ya kuchapia picha, vyatosha. Karatasi hiyo huweza kushikwa chini ya taa nyekundu bila kuharibika. Hesabu yenyewe ni somo: kina kikigawanywa kwa kipenyo cha tundu hupatikana 300. Katika jua kali, filamu yenye kasi ya 100 hutosheka na sehemu moja ya mia ya sekunde kwenye tundu la 16. Kwenye 300 itahitaji muda mara 350 hivi, yaani sekunde 3 na nusu; na karatasi yenye kasi ya 6 hivi itahitaji kama dakika 1. Wanafunzi na wakadirie kwanza, ndipo wajaribu. Mwalimu naye asimamie dawa kwa uangalifu. Dawa iliyotumika ina fedha ndani yake, na haifai kumwagwa ovyo.

Linalobaki ni namna ya kutoa alama. Mwalimu akisifu picha nzuri peke yake, wanafunzi watajifunza kuficha makosa. Yafaa kila mmoja aandike daftarini muda aliotumia, hali ya jua na matokeo, na picha nyeusi tii iliyoelezwa sababu yake ipewe alama nyingi kuliko picha safi iliyopatikana kwa bahati. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Taifa linalotaka wanasayansi halina budi kuwaruhusu vijana wake wakosee mapema, kwa gharama ndogo, mbele ya mwalimu anayeuliza, “Kwa nini?”