UCHAMBUZI: Intaneti haijaondoa haja ya wataalamu kuonana ana kwa ana

TANGU janga la Covid-19 lilipofunga ofisi za Parklands na Westlands mnamo 2020, baadhi ya wataalamu wa kompyuta jijini Nairobi wameshikilia kuwa mikutano ya ana kwa ana imepitwa na wakati. Historia ya jiji lenyewe yaonyesha kuwa dai hilo ni nusu ya ukweli tu.

Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakili Ory Okolloh alipendekeza paundwe ramani ya mtandaoni ya kuonyesha matukio hayo. Yeye alikuwa Afrika Kusini, nao Erik Hersman na David Kobia walikuwa Marekani. Hata hivyo, tovuti ya Ushahidi ilianza kazi Januari 2008, siku chache tu baada ya pendekezo hilo.

Watetezi wa kazi za mbali hutaja ufanisi huo bila kueleza yaliyoutangulia. Okolloh na Hersman walikuwa wamehudhuria kongamano la TEDGlobal mjini Arusha mnamo Juni 2007. Umbali haukuwashinda kwa sababu hawakuwa wageni baina yao. Tena, Hersman ndiye aliyeanzisha iHub Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, ili vijana wa teknolojia wapate mahali pa kukutana.

Mwezi huo huo, ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, lilikutana KICC. Kutokana na tahadhari za kiusalama, baadhi ya wajumbe walibaki makwao na kushiriki kupitia simu na intaneti. Kikao kiliendelea. Miaka kumi baadaye, mkutano wa shirika hilo uliopangiwa Cancún, Mexico, ulifanyika mtandaoni pekee.

Faida yake haipingiki: Mkenya aliyenyimwa viza au asiye na nauli husikika. Lakini mtandao humfaa zaidi aliye na jina tayari. Kijana aliyetoka chuoni juzi hupata mlezi na kazi kwa kuonekana, mara nyingi katika mazungumzo ya nje ya ajenda.

Kampuni inayofunga ofisi ili kuokoa kodi yafaa ijue kuwa mzigo huo humwangukia kijana huyo. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.