Kompyuta kuukuu za Nyacheki zikaguliwe kabla ya kutupwa

MICROSOFT ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, lakini kompyuta hazikuzimika. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye saiba katika soko kama la Nyacheki, eneobunge la Bobasi, huona mambo ni shwari, ilhali wateja wanaandika humo nywila za eCitizen na KRA.

Wanaojaribu kuweka Windows 11 mara nyingi hukataliwa, wakadhani mashine imekufa. Si lazima. Programu hiyo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, prosesa iliyoidhinishwa na kinga iitwayo TPM 2.0. Kinga hii aghalabu imo ndani, ila imezimwa kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta; fundi aanzie hapo. Prosesa ikiwa kuukuu mno, ipo Ubuntu isiyolipiwa, na kazi nyingi za saiba hufanyikia kwenye kivinjari tu.

Kinachotisha ni nakala ya wizi iliyobebwa kwenye flashi, ambayo huenda ikaficha programu ya kunasa nywila. Mteja anayekimbilia saiba Juni 30, siku ya mwisho ya ritani za kodi, hana namna ya kuitambua.