Afisi za uwanja wa ndege zisichanganye tovuti na VPN

KENYA iliposimamisha safari za abiria za kimataifa mnamo Machi 25, 2020, afisi zinazoutegemea Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, zilikabiliwa na swali jipya: karani aliyeko nyumbani Likoni atazifikiaje faili za afisi Changamwe?

Jibu la kawaida ni VPN, njia ya faragha inayosimba mawasiliano ili anayeyadaka njiani asiyaelewe. Programu kama WireGuard hutolewa bure. Kishawishi basi ni kuiweka kwenye seva ile ile iliyokodishwa kwa ajili ya tovuti. Kihesabu, hoja hiyo ina mashiko. Kiusalama, ni hatari.

Tovuti ni mlango wa barazani, sharti uwe wazi kwa kila mpita njia. VPN ni mlango wa uani. Zikikaa pamoja, mdukuzi aliyeiteka seva kupitia kasoro ya tovuti atakuwa amekaribia nakala za pasipoti za wateja, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni izilinde.

Kuna balaa jingine. Julai 2023, eCitizen, jukwaa la huduma za serikali, lilipofurikishwa kwa maombi bandia, serikali iliahidi kuwapa wageni viza wakishawasili. Serikali ilikuwa na dirisha la pili. Karani wetu hana: tovuti ikifurikishwa, naye hufungiwa nje, saa ile ile anapohitajika.

Seva ndogo ya pili, ya VPN pekee, ingetosha. Kila mfanyakazi awe na ufunguo wake, nao ufutwe siku anapoacha kazi.